Kisima cha Tatu

Abrahamu alipopatwa na njaa alishuka mpaka Misri. Mwanawe Isaka, njaa ilipoingia tena, aliambiwa na Bwana asiende Misri. Akabaki katika nchi ileile, akahamia Gerari. Habari hiyo iko Mwanzo 26, na ninaipenda kwa sababu inamhusu mtu aliyesukumwa na njaa bila kuiacha nchi yake.

Watu wa namna hii tunao wengi katika sharika zetu, na hatuna hata jina la kuwaita. Si wakimbizi, maana mkimbizi ametoka nchi nyingine. Si wageni, maana wana kitambulisho cha taifa kama chetu. Tunasema tu "wale waliokuja".

Waliokuwepo Longido na Monduli mwaka 2009 hawahitaji kusimuliwa. Ukame hauhamishi watu kwa siku moja. Kwanza maziwa hukauka. Kisha vijana huondoka na ng'ombe kufuata majani, na bomani wanabaki kina mama, watoto na wazee. Ng'ombe akikonda bei yake huanguka, na wakati huohuo gunia la mahindi hupanda, hivyo mfugaji huuza wanyama wengi apate chakula kidogo. Wakiisha hao, baba hupanda basi kwenda Arusha au Dar es Salaam kutafuta lindo la usiku. Mwisho mama naye hufunga mzigo. (Asiye na nauli habanduki. Huyo ndiye maskini kuliko wote, ila hatumwoni kwa kuwa hajafika kwetu.)

Oktoba ya mwaka huohuo wa 2009, viongozi wa Afrika walipitisha mkataba kule Kampala unaowatambua watu wanaohamishwa ndani ya nchi zao, wakiwemo wanaosukumwa na mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2021 Benki ya Dunia ikakadiria kwamba, hatua zisipochukuliwa, hadi watu milioni 86 Afrika kusini mwa Sahara wanaweza kuhama hivyo ifikapo 2050. Milioni 86 siwezi kuwawaza. Naweza kumwaza mama mmoja.

Alikuja kwetu na watoto watatu, akapanga chumba nyuma ya soko, akaomba yule mdogo abatizwe. Baraza la wazee likamwuliza, kwa haki kabisa, barua ya usharika alikotoka. Hakuwa nayo. Mtaa wake ulikuwa umebaki na wazee wachache, na mwinjilisti wao, ambaye naye ni mfugaji, alikuwa ameondoka na ng'ombe wake kuelekea kusini. Barua ingeandikwa na nani?

Tulikaa saa mbili. Wengine walihofu kwamba tukilegeza kwa mmoja, utaratibu wote utavunjika. Mimi hufundisha chuo cha theolojia siku za juma, na najua hofu hiyo si ya kipuuzi. Barua hizo zimezuia mabaya mengi. Ndipo mzee mmoja wa kanisa, mama aliyepita miaka sabini, akauliza taratibu, "Baba mchungaji, kwani hayo maji ya ubatizo ni ya mtaa wetu?"

Mtoto alibatizwa Jumapili ya pili yake.

Wachungaji wa mifugo wa Gerari walikuwa na jibu lao kwa swali kama hilo: walidai kwamba maji ni yao. Isaka akaacha kisima cha kwanza, akaacha cha pili, akachimba cha tatu ambacho hakikugombewa, akakiita Rehobothi kwa kuwa sasa amepata nafasi. Tukiihubiri sura hii humsifu Isaka kwa uvumilivu wake. Mimi siku hizi nawatazama zaidi watu wa Gerari. Yawezekana hawakuwa wakatili, ila waliona maji ni machache.

Katika Katekisimo Ndogo, kwenye ombi la nne tulilolikariri sote kabla ya kipaimara, Luther anaihesabu hali ya hewa njema kuwa sehemu ya riziki ya kila siku. Kule mwishoni anataja na majirani wema. Aliyekosa la kwanza anakuja kwetu kutafuta la pili.

Yule mama yupo bado. Mvua zilirudi, lakini hakukuwa na ng'ombe wa kurudia. Mumewe ni mlinzi Dar es Salaam na hutuma fedha kwa simu. Yeye anauza dawa za miti shamba. Kila asubuhi huchota maji kwenye kisima cha usharika, kilichochimbwa kwa michango yetu, ambapo ndoo ya asiye mshirika ni bei maradufu. Yeye sasa ana bahasha ya ahadi, analipa kama sisi. Familia nne zilizofika baada yake hazina. Suala lao liko kwenye ajenda ya baraza mwezi huu, na mtunza hazina ameshanikumbusha kwamba pampu imechoka.