Mboga za majani za Nyawera: ladha inatoka katika sufuria

Juma hili tunawapeleka sokoni Nyawera. Wengi wenu mnapita pale kila siku, mikono imejaa, macho yanatafuta bei. Sisi tulikwenda siku ya tano jioni, baada ya masomo, walimu wanne na wamama wawili wa kikundi chetu. Hatukwenda kununua nyama. Tulikwenda kwa sababu ya majani peke yake, maana malalamiko tunayosikia sana katika mikutano yetu ni haya: watoto hawataki mboga. Mtoto anaona lengalenga, anasukuma sahani, anakula bugali kavu na chumvi, analala. Asubuhi anakuja darasani, saa nne kichwa kimelala juu ya meza. Sisi walimu tunaviona hivyo vichwa.

Kwa wale wasomaji wetu walio mbali: Nyawera iko katika komini ya Ibanda, hapa Bukavu, penye njia panda ambapo motari, magari ya Panzi na watu wa miguu wanakutana wote kwa wakati mmoja. Watu wazima hawawezi kupita pale bila kumkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa pale tarehe 29 Oktoba 1996. Soko lenyewe halijali kelele. Ukiingia upande wa mboga, harufu inabadilika: poaro, seleri, udongo wenye maji, na mbali kidogo samaki wakavu.

Kila jani pale lina safari yake. Shu, karoti na poaro zinashuka kutoka milima ya Kabare na Walungu, ambako baridi inazipenda. Nyanya nyingi zinapanda kutoka bonde la Ruzizi, upande wa Kamanyola, na nyingine zinavushwa mpakani na wamama kutoka Rwanda, beseni juu ya kichwa. Mawese yanatoka sehemu za joto kama Fizi, kwa sababu mchikichi hauzai vizuri kwenye baridi yetu. Ndakala wanatoka ziwa Tanganyika. Hata sambaza, ambao leo tunawaita samaki wetu wa Kivu, asili yao ni Tanganyika: waliletwa katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1950. Tunasema hivi ili kila mama ajue kwamba sufuria moja ya mboga hapa Bukavu imekusanya karibu jimbo nzima.

Mama mmoja muuzaji, mwenye mafungu ya lengalenga mbele yake, alituuliza kama tunanunua ama tunahesabu. Tulinunua. Tulipomwambia kwamba watoto hawapendi, alicheka: «Munaipika mpaka inakufa mara mbili.» Hatukupata mwalimu bora kuliko yeye siku ile.

Tuanze basi na lengalenga, kwa sababu ndiyo inayoteswa zaidi. Desturi ya nyumba nyingi ni hii: kukata majani, kuyaosha yakiwa yamekatwa, kuyatia katika maji mengi, kufunika, kuacha nusu saa, kumwaga maji, halafu mafuta. Kinachobaki ni majani ya rangi ya matope, yasiyo na ladha. Vitamini C inayeyuka ndani ya maji na inaharibika kwa moto. Ukiosha majani yaliyokatwa, imeanza kutoka. Ukimwaga maji ya kuchemshia, umemwaga nyingine. Na ile rangi? Kemia ya shule inaeleza vizuri: kijani ya jani inashika chembe ya madini iitwayo manyezi, na asidi ya jani lenyewe, ikipata moto wa muda mrefu, inaitoa. Ukifunika sufuria, asidi inabaki ndani na kazi inakwenda haraka zaidi. Ndiyo maana mboga iliyofunikwa sana inageuka kuwa kahawia.

Fanya hivi. Osha majani yakiwa mazima, katika maji mara mbili au tatu, mpaka mchanga uishe. Hakuna kitu kinachomfukuza mtoto kwenye mboga kama mchanga katika meno. Yakung'ute, ndipo uyakate. Weka mafuta kidogo katika sufuria yenye moto mkali, kitunguu mpaka kilainike, nyanya moja au mbili, halafu tia majani yote kwa mara moja. Usiongeze maji, jani lina maji yake. Geuza, acha bila kifuniko, dakika tano mpaka saba. Chumvi mwishoni. Ukikamulia ndimu, iwe wakati umeshaipua, kwa sababu ndimu motoni inaharibu rangi ile ile tuliyoilinda. Makala pia inabaki, na kila mmoja wetu anajua gunia la makala linauzwaje siku hizi.

Mafuta si anasa hapa. Ile nguvu ya majani inayolinda macho ya mtoto, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Kijiko kimoja cha mawese kinatosha kwa kazi hiyo, na mawese yenyewe yakiwa bado mekundu yana nguvu ile ile ndani yake. Wanaoyachoma mpaka yawe meupe ili «harufu itoke» wanaipoteza. Sisi tunapenda harufu yake. Asiyeipenda na atumie mafuta ya chupa, lakini asiyachome mawese bure.

Sasa sombe, na hapa tunageuza wimbo. Yale ya haraka tuliyosema juu ya lengalenga hayahusu sombe hata kidogo. Jani la muhogo lina sumu ndani yake. Likitwangwa, sumu ile inafunguka na kuanza kutoka. Likichemshwa wazi, inapanda na mvuke. Kwa hiyo twanga vizuri, chemsha bila kifuniko mwanzoni, tena kwa muda mrefu. Sombe ya mashine inayouzwa tayari katika beseni inasaidia mkono, haifupishi moto. Na kumbukeni kwamba Bukavu iko juu: ziwa letu liko kwenye mita 1.460 hivi kutoka usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Dada aliyeolewa Bujumbura au Kalemie akikuambia sombe yake imeiva mapema, hasemi uongo, lakini usifuate saa yake.

Ladha ya sombe ni kazi ya saa ya mwisho. Wengine wanatia kila kitu tangu mwanzo, poaro, bilinganya, mawese, samaki, na mwishoni hakuna kinachosikika. Acha majani yaive peke yake kwanza. Maji yakipungua, tia bilinganya iliyokatwa ndogo, poaro, kitunguu, halafu mawese. Ndakala wakaange kidogo kando, mpaka wanukie, uwatie wakati umebaki moto wa dakika kumi na tano. Kama mfuko haukuruhusu ndakala, karanga zilizosagwa zinafanya kazi nzuri, ila koroga bila kuchoka maana zinashika chini. Hii habari ya Maggi: kipande kimoja kwa sufuria nzima ya watu wanane ni kitu cha kuzungumzia, vipande vinne ni chumvi tu, na baba mwenye shinikizo la damu ndiye anayelipa.

Kuna mama atauliza juu ya bikarbonate. Ni kweli inalainisha na inaacha rangi ya kijani inayong'aa. Inaharibu pia vitamini, na ikizidi inaleta ladha ya sabuni. Kwa maharage magumu tunaelewa. Kwa majani laini hatuoni sababu.

Matembele na majani ya maboga tuyaseme pamoja. Matembele yana utelezi ambao watoto wengi hawaupendi. Yapitishe katika maji yanayochemka dakika mbili tu, yatoe, kisha uyamalizie katika mchuzi mzito wa karanga. Karanga inaficha utelezi, na inaongeza proteini. Majani ya maboga yanataka uvumilivu: toa zile nyuzi za nje kuanzia kwenye shina, moja moja, kama unavyovua soksi. Mpe mtoto kazi hiyo. Tumeona zaidi ya mara moja kwamba mtoto aliyetoa nyuzi anataka pia kuonja alichokifanyia kazi. Majani haya yanapenda maharage. Yatie maharage yakiwa yameiva, moto wa dakika kumi, na umepata mboga na nyama ya maskini katika sufuria moja.

Shu ikipikwa muda mrefu inatoa ile harufu nzito inayojaza nyumba. Ikate nyembamba kama uzi, ikaange haraka na karoti, iache iwe na nguvu kidogo katika meno. Basi.

Namna moja inasahauliwa mjini: kupika katika jani la mgomba. Pitisha jani juu ya moto lilainike lisipasuke, weka ndani lengalenga iliyokatwa, sambaza wabichi, kitunguu, nyanya, pilipili kidogo ya kijani, chumvi na mawese. Funga, kaza kwa uzi wa mgomba, weka juu ya mbabula yenye makala iliyopungua, karibu nusu saa, ukigeuza. Hakuna maji yanayomwagwa, hakuna harufu inayopotea. Siku tulipofanya hivi katika mkutano wa kikundi, watoto waliokuwa wakicheza nje waliingia wenyewe.

Turudi kwa jambo lililotupeleka Nyawera. Katika Kivu yetu neno bwaki halihitaji kufasiriwa. Tangu wakati wa wazungu waganga wa Lwiro walikuwa wakiichunguza na kuitibu kwa watoto wa milima hii, na bado haijatuacha. Mtoto anavimba miguu, nywele zinabadilika rangi, anakuwa mkimya. Tuseme wazi: majani peke yake hayazuii bwaki. Yanahitaji mwenzake, maharage, karanga, sambaza, soya, yai likipatikana. Lakini ni majani hayo ndiyo yanayovusha mwenzake mpaka tumboni, kwa sababu ndiyo mama anaweza kununua kila siku. Mtoto akikataa fungu la lengalenga, amekataa pia sambaza waliomo. Kwa hiyo ladha si mchezo wa matajiri. Tunasikitika tunapoona katika nyumba fulani pesa ikiingia kidogo, kitu cha kwanza kuondolewa mezani ni mboga, eti ni chakula cha shida, na mahali pake panakuja makaroni meupe.

Jambo dogo la mwisho juu ya meza: chai. Wengi tunawapa watoto chai ya majani mara tu baada ya kula. Chai inazuia madini ya chuma yaliyo katika mboga yasiingie katika damu. Isubiri saa moja hivi, na mahali pake kipande cha chungwa au pera kinasaidia chuma iingie vizuri. Wajawazito na wasichana wakubwa, hili linawahusu kwanza.

Kama mnakwenda Nyawera juma hili, nendeni jioni kabla wauzaji hawajafunga mizigo. Bei inashuka, lakini chagueni majani yaliyosimama, shina likivunjika litoe mlio. Mnunue ya siku moja tu. Lengalenga ya jana ikipashwa moto imeshapoteza mengi, ni afadhali kupika kidogo kidogo. Sombe ndiyo peke yake inayozidi kuwa tamu kesho yake: ipasheni mpaka ichemke kabisa, na bugali ya jana ikibaki, ikateni vipande, muikaange kidogo, muile pamoja.