Mudaka, soko la mama aliyejaza kipimo

Mama wapendwa, juma hili tunawapeleka Mudaka.

Wengi wetu tunapapita bila kushuka. Mtu akitoka Bukavu kwa barabara ya taifa namba 2, akielekea uwanja wa ndege wa Kavumu, anaona soko, pikipiki zikingoja abiria, kisha gari inaendelea Miti. Lakini Mudaka si mahali pa kupita tu. Hapo vilima vya Kabare vinaleta mizigo yao: maharagi, mihogo, lengalenga, makala, ndizi za kasiksi. Toka upande wa ziwa Kivu wanapanda wamama wenye sambaza. Wengi wanabeba mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, kama vile nyanya zetu walivyobeba.

Katika soko hilo aliketi mama mmoja kwa miaka karibu 15. Jamaa yake wametuomba tueleze ugonjwa wake, ila jina libaki nyumbani kwao, nasi tunaheshimu.

Aliuza maharagi kwa kopo la Guigoz. Alijaza mpaka chembe zinaanguka, kisha akaongeza kiganja kimoja juu, akisema, "Hiki ni cha watoto." Kwa maharagi hayo alisomesha watoto sita. Watatu walipita mikononi mwetu, sisi walimu wa sekondari. Siku ya kulipa alikuja mwenyewe, noti zimefungwa kwenye pindo la kikwembe, na kabla ya kuondoka aliuliza neno moja tu: "Mwalimu, huyu anasoma kweli ao anakalia benchi tu?" Mtoto akisikia swali hilo, juma zima hakuchelewa.

Bwana yake ni fundi wa kujenga. Siku za matanga alituambia hivi: "Miaka 22 ya ndoa, sikumwona bibi yangu akilala mbele yangu, wala kuamka nyuma yangu." Kisha akanyamaza.

Mara mbili kila juma mama huyu alipanda gari na magunia yake kwenda mjini. Alijua bei ya soko la Kadutu kabla ya wengine. Alijua wapi barabara inaharibika wakati wa mvua na dereva gani ana haraka mbaya. Alisafiri kwa ajili ya mazao, kwa ajili ya karo, kwa ajili ya mama mkwe aliyeumwa macho. Katika safari hizo zote, hakuna hata moja aliyofanya kwa ajili ya mwili wake.

Damu ilianza kutoka wakati si wake. Kwanza kidogo, baada ya kulala na bwana. Kisha maji yenye harufu. Akajifunga vitambaa viwili, akaenda sokoni. Jirani yake wa kuuza sambaza ndiye peke yake aliyejua. Wengine waliambiwa ni malaria. Mahali alipokwenda kutafuta dawa walimpa vidonge mara tatu, bila kumpima ndani. Watu wengine walisema amelogwa. Wengine wakanong'ona juu ya mwenendo wake, na maneno hayo ndiyo yalimfunga mdomo zaidi. Mwaka ukapita, na miezi juu yake.

Siku alipofika mbele ya muganga wa magonjwa ya wanawake, kansa ya mlango wa kizazi ilikuwa imekwisha kuvuka na kushika kibofu. Upasuaji haukuwezekana tena. Yalibaki matibabu ya miali, na Bukavu hakuna mashine yake. Ya karibu iko Kigali, ng'ambo ya mto Ruzizi, ilikoanza kazi mwaka 2019. Jamaa waliuza ng'ombe, wakauza kipande cha shamba. Wamama wa soko walifungua kisanduku cha akiba kabla ya tarehe. Hazikutosha. Alirudi kulala kwake, akafia kwake, watoto wake wakiwa kando ya kitanda. Alikuwa na miaka 43.

Sasa bwana yake anasonga bukari mwenyewe. Mara ya kwanza ilikuwa na madonge, na watoto walikula yote bila kusema neno. Siku ya posho, binti mkubwa anaketi pale pale sokoni na kopo lile lile. Naye anaongeza kiganja.

Mama wapendwa, tukimlilia tu, hatujamkumbuka vizuri. Tujue basi ugonjwa uliomchukua.

Kansa hii karibu kila mara inatokana na virusi iitwayo HPV. Inapita kwa njia ya ndoa, na watu wengi sana wanaipata wakati fulani wa maisha, hata mwaminifu. Basi si alama ya uasherati, na si uchawi. Kwa wengi mwili unaifukuza wenyewe. Inapobaki, mara nyingi inachukua miaka 15 hadi 20 kugeuka kansa. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama mwenye virusi vya ukimwi asiyetumia dawa, miaka 5 hadi 10. Maana yake tuna wakati, tukiutumia.

Kipimo chake ni chepesi. Muuguzi aliyefundishwa anapakaa maji yenye asidi kama ya siki kwenye mlango wa kizazi, anangoja dakika chache, na mahali penye kasoro panageuka peupe. Palipogeuka panaweza kutibiwa mapema, kwa kugandisha ao kuchoma, kabla hapajawa kansa. Shirika la Afya Ulimwenguni linataka asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwe wakifika miaka 35, na tena wakifika 45.

Usingoje umri huo ukiona damu katikati ya mwezi, damu baada ya ndoa, damu baada ya hedhi kukoma, ao maji yenye harufu yasiyokwisha. Ukipewa vidonge na hali ikirudi, omba kupimwa ndani. Ni haki yako kuomba.

Tunapendekeza kila kikundi kiweke sehemu ndogo ya akiba kwa nauli ya mwenzetu anayehitaji kwenda kupimwa, na asiende peke yake. Na wewe unayeshuka mjini kila juma na magunia, siku moja ukiisha kuuza, usipande gari ya kurudi mara moja. Pita kwa muganga kwanza, kwa ajili yako mwenyewe.