Dirisha la Kutwekwa

Baridi ya Edinburgh haibishi hodi. Katika majira ya baridi ya mwaka 2022, bei ya gesi ilipopaa kote Uingereza kufuatia vita vya Ukraine, mwanafunzi mmoja kutoka Lamu aliyepanga chumba mtaani Marchmont aliweza kujua, akiwa kitandani bila hata kufumbua macho, upepo ulivuma kutoka upande gani. Dirisha lilimwarifu shavuni.

Mwenye nyumba alikuwa ajuza mjane aliyepita umri wa miaka themanini. Mara nyingi alimsihi kijana amwite kwa jina lake la kwanza. Kijana hakuthubutu, akawa anamwita Mama, na hatimaye ajuza akaridhika. Jioni alimkuta sebuleni amejikunyata ndani ya koti zito na kofia ya sufu, mitambo ya joto imezimwa kwa kuhofia ankara. Usiku kikohozi chake kilisikika ukutani. Hapo ndipo suala la madirisha lilipoacha kuwa suala la urembo wa nyumba.

Madirisha ya majengo yale ya mawe, yaliyojengwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, hayafunguki kwa bawaba. Kila dirisha lina fremu mbili za mbao, moja mbele ya nyingine, zinazopanda na kushuka katika mifereji. Kila fremu imefungwa kamba mbili, na kila kamba hupita juu ya kapi kisha ikaning'iniza kipande kizito cha chuma kilichofichwa katika sanduku la mbao ubavuni. Uzani wa vyuma ukilingana na wa fremu, hata mtoto aweza kuliinua dirisha kwa kidole.

Kijana alipojaribu kumweleza babaye haya kwa simu, alianza kwa maelezo marefu ya kitaaluma, maana kamusi alizokuwa nazo hazikumpa jina. Babaye ni fundi wa majahazi.

"Mwanangu," mzee akamkatiza, "kitu chapanda kwa kamba, kamba yapita kapini, uzani uko upande wa pili. Sisi twatweka tanga, wao watweka dirisha. Sasa shida i wapi?"

Shida ilikuwa kioo. Kioo kimoja chembamba hupitisha joto nje kwa wepesi. Dawa yake inayojulikana ni vioo viwili vilivyozibwa pamoja kingoni, katikati pakajazwa gesi ya agoni isiyopitisha joto kwa urahisi. Lakini kifurushi cha kawaida cha vioo hivyo kina unene wa milimita 24 au zaidi, ilhali mbao za dirisha la kale ni nyembamba mno kukibeba. Kuyang'oa yote na kuweka ya plastiki kungekuwa rahisi zaidi, ila mtaa ule unalindwa kisheria kwa sababu ya historia yake, na hakuna abadilishaye sura ya madirisha ya mbele bila kujali idhini ya baraza la jiji. Fundi aliyeitwa akapendekeza vioo pacha vyembamba, visivyofikia nusu ya unene ule, ambavyo vingetoshea baada ya kuchonga kidogo mbao zilezile. Hakuficha kasoro zake: vina gharama, na mzibo wa kingoni ukichoka baada ya miaka, ukungu huingia katikati na usifutike.

Kijana akampigia tena babaye. Mzee hakuuliza bei.

"Na ule uzani wa upande wa pili, wameufikiria?"

Swali hilo ndilo fundi alilokuwa akilipigia hesabu kwenye daftari lake. Kioo cha milimita 3 chenye ukubwa wa mita moja mraba kina kilo 7.5. Vioo viwili vya milimita 4 kila kimoja vina kilo 20. Lau vyuma vya zamani vingeachwa, fremu ya juu ingeporomoka na ya chini isingeinuka, seuze kwa mikono ya ajuza. Sanduku la ubavuni nalo halina nafasi ya vyuma virefu zaidi. Kwa hiyo hutumiwa risasi, ambayo kwa ujazo uleule huzidi chuma kwa uzito takriban mara moja na nusu.

Ajuza alikubali sebule. Chumba chake cha kulala alikikataa katakata. Vioo vya mle ni vya kale, vina mawimbi madogo, na miti ya bustani ya Meadows ikitazamwa kupitia kwavyo huonekana kana kwamba imeota chini ya maji. Marehemu mumewe alipenda kuitazama hivyo akiwa mgonjwa. Fundi hakubishana naye. Alikata kwa kisu rangi iliyokuwa imegandisha kwa miaka mingi vibao vya mbao vya kufunga dirisha kwa ndani, akavifungua, kisha akapachika brashi nyembamba kwenye nyufa za fremu. Hiyo haikuwa kazi ya kubahatisha. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa vibao kama hivyo, vikifungwa, hupunguza joto linalopotea dirishani kwa asilimia 51. Pengine hilo ndilo lililostahili kufanywa kwanza, kabla ya kuagiza kioo chochote. Mwaka mzima wa kikohozi ungeepukwa kwa kisu na brashi.

Kazi ilikamilika Machi. Fundi alipoondoka, ajuza aliliendea dirisha la sebule, akaweka vidole viwili chini ya fremu, akainua. Likapanda bila kelele. Akalishusha, akalipandisha tena, akacheka. Jioni hiyo koti lake lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, ingawa kofia hakuivua.