Makao ya Muda

Katika mwaka 1860 mwanamke mmoja, Mary Tealby, alifungua banda huko Holloway, katika mji wa London, la kupokea mbwa waliopotea na waliokuwa wakifa kwa njaa. Wako waliomcheka magazetini, wakaona huruma hiyo imepotea njia, kwani mji ulikuwa na maskini wengi. Tealby alikufa mwaka 1865, lakini kazi yake haikufa. Mwaka 1871 ilihamia Battersea, na hata leo ipo. Katika jina alilolipa banda lake mlikuwa na neno moja la kukumbukwa: aliliita makao ya muda. Palipo na makao ya muda pana swali la makao ya daima, na swali hilo ndilo zito kuliko yote katika kazi hii.

Kupokea mbwa kuna taabu, lakini njia yake inajulikana. Alfajiri watumishi wa makao kama hayo hufagia vibanda, huosha vyombo na kugawa chakula. Mbwa mgeni hachanganywi na wenyeji; hutengwa kwanza, ili maradhi yake, kama anayo, yasienee. Hutolewa kupe, hupewa dawa ya minyoo, na hudungwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikisha kumtokea mtu, kupona ni nadra mno. Kisha hufungwa kizazi. Jike huchukua mimba siku 63 hivi, naye aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Pasipo tendo hilo, kuokota mbwa ni kuteka maji kwa pakacha. Yuko pia mbwa aliyepigwa sana, ambaye hujikunyata hata akiona mkono ulioshika chakula. Huyo dawa yake ni mtu wa kuketi karibu naye kimya, siku baada ya siku, mpaka woga umtoke.

Baada ya hayo yote hufika siku ya kumtoa. Vibanda vimejaa, na mlangoni yuko mwingine anayengoja nafasi. Kishawishi cha kumkabidhi kwa yeyote aliyetangulia kufika ni kikubwa. Hapo msimamizi mwema huuliza: Nani atamlisha mbwa mwenyeji akisafiri? Je, wote wa nyumbani wameridhia? Atafungwa mnyororo mchana kutwa? Mbwa aweza kuishi miaka 10 na zaidi; mtoto anayemlilia leo akiisha kuwa mkubwa na kuhama, atabaki na nani? Waombaji wengine huudhika, husema mbwa koko sasa anaposwa kama mwari. Wacheke wapendavyo. Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na kwa hiyo tabia ya mwenyeji hupasa kupimwa kabla ya tabia ya mbwa.

Lakini ukali nao una dhambi yake. Msimamizi anayedai nyumba kubwa na ukuta mrefu humfukuza maskini mwenye moyo, na mbwa akazeeka nyuma ya wavu. Kinachopasa kupimwa ni uangalifu, siyo mali. Na kwa kuwa mizani ya binadamu hukosea, sharti moja halina budi kuwekwa: mbwa akimshinda mwenyeji, arudishwe alikotoka, asitupwe.

Jambo hili lina maana hata pwani ya Afrika Mashariki, ambako Waislamu wengi wa madhehebu ya Shafii huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Dini hiyo hiyo husimulia habari za mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji kwa kiatu mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Mtu huyo hakuambiwa amchukue mbwa nyumbani. Alimpa alichoweza. Basi asiyeweza kuishi na mbwa hana lawama akikataa. Aweza kutoa chakula, au gharama ya chanjo. Mwenye lawama ni yule anayekubali leo kwa kuona haya, kisha kesho akamwacha njiani mbwa aliyekwisha kujifunza kumwamini.