Vifuu, Dawa na Majitaka: Kurasa za Machi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ramadhani imeanza na kila jiko la mtaa linakuna nazi kwa ajili ya futari. Vifuu vimejaa majalalani. Mama lishe wa jirani na soko amenijazia kiroba bila kudai senti. Nimevichoma ndani ya debe lililofunikwa ili hewa iwe ndogo, vikawa mkaa mgumu. Kesho utasagwa, kisha uingie kwenye tanuri la mvuke. Mvuke wa nyuzi 800 na zaidi ndio unaochimba vinyweleo ndani yake. Gramu moja ya mkaa ulioamilishwa vizuri huwa na uso wa mita za mraba 500 hadi 1,500, na kazi yote hufanyika juu ya uso huo: molekuli ya dawa iliyomo katika majitaka inafika, inanata, maji yanaendelea na safari.

Alhamisi, 6 Machi
Naandika tena sababu ya kazi hii, isije ikapotea katikati ya vipimo. Dawa tunayomeza haiishii mwilini. Metformini ya mgonjwa wa kisukari hutoka na mkojo bila kubadilika. Siprofloksasini ya kumeza, karibu nusu yake hutoka ikiwa bado dawa kamili. Mabwawa ya majitaka yalibuniwa kupunguza vimelea na uchafu unaooza; karbamazepini, dawa ya kifafa, hupita humo karibu yote. Utafiti uliochapishwa Februari 2022 ulipima mito 258 katika nchi 104, na karbamazepini na metformini zikaonekana katika zaidi ya nusu ya maeneo yaliyopimwa.

Habari ya Patancheru, karibu na Hyderabad, India, bado inanitisha. Mwaka 2007 watafiti waliripoti siprofloksasini hadi miligramu 31 kwa lita katika maji yanayotoka kwenye mtambo wa kusafisha majitaka ya viwanda vya dawa. Hicho ni kiwango kikubwa kuliko kinachofikiwa katika damu ya mgonjwa anayetibiwa. Bakteria wanaosalimika katika maji ya namna hiyo ndio wale ambao dawa haiwawezi.

Jumanne, 11 Machi
Bluu ya methilini kwanza, kama kawaida: rangi imetoweka upesi, kwa hiyo vinyweleo vipo. Kisha diklofenaki katika maji yaliyochujwa, nikaisoma kwenye spektrofotomita kwa nanomita 276. Imenaswa vizuri. Metformini imepita kama vile mkaa haupo. Inaeleweka: metformini hupenda mno maji na hubeba chaji chanya, ilhali diklofenaki na karbamazepini zina pete za kaboni zinazolala vyema kwenye kuta za mkaa. Anayeahidi kwamba mkaa mmoja utanasa dawa zote anawadanganya watu. Kwa metformini itabidi nijaribu udongo wa mfinyanzi, maana uso wake una chaji hasi.

Jumatatu, 17 Machi
Leo nimepitisha maji halisi ya bwawa la majitaka. Mkaa uleule umechoka mapema sana, na diklofenaki imeanza kuvuja chini ya kichujio. Maji haya yamejaa mabaki ya mimea, mwani na vitu vilivyooza, na vyote vinataka kunata. Ni daladala ya jioni: dawa inafika kituoni na kukuta viti vyote vimekaliwa. Ndiyo maana Uswisi, ambayo tangu 2016 sheria yake inaitaka mitambo iliyoteuliwa iondoe asilimia 80 ya vichafuzi vya namna hii, huweka mkaa au ozoni baada ya majitaka kusafishwa kwa njia za kawaida. Kwetu naona mahali pa kuanzia ni mifereji ya hospitali, ambako dawa ni nyingi na maji ni kidogo, kabla hayajachanganyika na ya mji mzima.

Jumatano, 19 Machi
Nimeshuka bonde la mto Msimbazi, hapa mjini. Bibi mmoja alikuwa anamwagilia mchicha.
“Shikamoo, bibi.”
“Marahaba, mwanangu. Umekuja kupima maji? Mbona mnapima kila mwaka na majibu hamleti?”
Sikuwa na la kumjibu ila kuahidi kwamba yangu nitayaleta. Nimeiandika hapa ahadi hiyo ili inidai.

Ijumaa, 21 Machi
Kesho ni Siku ya Maji Duniani na nimeombwa kusema machache. Nitasema hili. Mkaa hauui dawa, unaikamata tu. Mkaa ulioshiba ukitupwa jalalani, mvua za masika zitairudisha sehemu ya dawa mtoni. Mbaya zaidi, katika mji huu ambao mkaa ni nishati ya kupikia, mtu atauokota na kuutia jikoni. Unapaswa kurudishwa kwenye tanuri la joto kali, au kuteketezwa kwenye kichomeo cha hospitali kinachofikia joto linalotakiwa, na gharama hiyo ihesabiwe tangu siku ya kwanza. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya 2024, umewataka watengenezaji wa dawa na vipodozi wabebe angalau asilimia 80 ya gharama za usafishaji wa ziada unaoondoa vichafuzi vya namna hii katika majitaka. Nasi tuulize hapa nani atalipa.

Mradi wa kichujio usioonyesha mkaa uliokwisha kazi utapelekwa wapi, na kwa fedha za nani, usiidhinishwe.