Mita Ishirini na Tano

Katika miaka ya 1990, tulipokuwa tukikaa nyumba ya kupanga Deira, marehemu baba yangu alikuwa na desturi ambayo haikuvunjwa na mgeni wala maradhi. Baada ya magharibi huketi karibu na dirisha, huivuta antena ya redio yake, kisha huusogeza mshale wa stesheni taratibu huku akisema, kama mtu anayetaja mtaa aliozaliwa: "Mita ishirini na tano." Kati ya mivumo na miluzi hutokea taarabu, kisha sauti ya mtangazaji wa Unguja, iliyorushwa na mtambo wa Dole kwenye kilohezi 11735. Mtangazaji akisalimu, baba huitikia kwa sauti kubwa. Mama humwambia, "Unamjibu nani, naye hakusikii?" Baba huwa kimya, akasogeza sikio karibu zaidi.

Hakujaaliwa kurudi Unguja. Redio ile ninayo mimi.

Nilipostaafu ukarani nilijiwekea nia kwamba lile ambalo baba hakuliweza, yaani kuitikia na kusikika, nitajifunza mimi. Mjukuu wangu alicheka. "Babu, si una simu? Mpigie tu shangazi." Ni kweli, na kila Ijumaa nampigia. Lakini simu hupita katika nyumba za watu wengi, minara, nyaya na malipo, nami sijui hata mlango mmoja wa nyumba hizo. Redio ya ridhaa ni mtu na mtu mwenziwe, antena na antena, na anga katikati, na asiyeelewa inavyofanya kazi haruhusiwi kuitumia. Nilitaka kuelewa.

Mwanzo wangu ulikuwa mbaya. Nilinunua kitabu kinene cha Kiingereza, na katika sura ya tatu nikakifunga. Mimi nimesomeshwa kwa Kiarabu na Kiswahili. Kiingereza changu ni cha ofisini, cha ankara na barua. Nikaona haya, nikadhani umri umenipita.

Kilichonirudisha ni neno. Waarabu humwita mtu wa redio za namna hii *hawi*, kutokana na *hawa*, yaani mapenzi ya nafsi. Antena nao huiita *hawai*, kutokana na *hawaa*, hewa. Maneno hayo mawili hutofautiana kwa hamza tu. Sisi tumesema "ridhaa", kazi ifanywayo kwa kupenda, bila ujira. Nikajiambia kuwa elimu yenye majina niliyoyajua tangu chuoni haiwezi kunishinda kwa ugeni wake.

Nikaanza upya, na utaratibu huu nauandika kwa ajili ya ndugu yeyote atakayetaka kufuata, popote alipo.

Kwanza ni kusikiliza. Kusikiliza hakuhitaji kurusha, na kurusha bila leseni ni kosa. Hapa leseni iko mikononi mwa mamlaka ya mawasiliano, TDRA. Asiye na chombo aingie kwenye intaneti, kwani Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi kina mashine ya kupokelea ambayo mtu yeyote huifungua na kuizungusha kutoka nyumbani kwake. Iko nyingine Goonhilly, Uingereza, inayosikiliza setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018. Hiyo ndiyo ya kwanza ya aina yake kubeba chombo cha watu wa ridhaa huku ikibaki mahali pamoja juu ya Ikweta. Imesimama karibu na nyuzi 26 mashariki, palepale yanapoelekezwa madishi mengi ya televisheni ya mapaa ya Dubai. Chini yake imo Afrika nzima na Ghuba yetu hii, kwa hiyo Unguja na Deira ziko chini ya mwavuli mmoja.

Pili ni maswali. Wamarekani huyatangaza hadharani maswali yote ya mtihani wao wa mwanzo. Mtahiniwa huulizwa 35, naye akipata 26 amefaulu. Mtihani huo si wa hapa, lakini maswali yake ni mwalimu mpole, maana kila ukikosea umejua ulipo ujinga wako. Baada ya hapo kitabu kinene kinasomeka.

Tatu ni watu. Hapa kuna Emirates Amateur Radio Society. Oman wana jumuiya yao ya kifalme tangu 1972, na marehemu Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa na alama ya kuitia, A41AA. Alama hizi ni kama nisba, kwani herufi za mwanzo humtaja mtu kwao: A4 ni Oman, A6 ni Emirates, 5Z ni Kenya, 5H ni Tanzania. Unguja ya zamani, kabla ya 1964, ilikuwa VQ1.

Usiku mmoja nilifika kwenye kanuni ya urefu wa wimbi. Unachukua 300 na kuigawa kwa megahezi. Nikaitafuta namba ya kujaribia, na mkono ukaandika wenyewe 11.735. Jibu likawa mita 25 na nusu hivi.

Niliweka kalamu chini. Miaka yote ile nilidhani "mita ishirini na tano" ni jina tu lililochapwa kwenye redio. Kumbe ndio urefu wa wimbi lenyewe, mita kwa mita, lililotoka Dole, likagonga tabaka la juu la anga na kurejea ardhini, likakata karibu kilomita 4,000 hadi dirishani kwetu. Baba alikuwa akilitaja kwa kipimo chake bila kujua.

Bado sina leseni. Mtihani uko mbele yangu. Lakini nimeanza daftari la Kiswahili, kwa sababu sijakiona kitabu cha elimu hii kwa lugha yetu, na mjukuu wangu ndiye mwandishi wake, mimi nasema yeye anaandika. Wimbi, masafa, antena, mnong'ono wa anga. Tunapokosa neno tunaacha nafasi.

Ndugu wasomaji, baadhi yenu mna wazee waliofanya kazi posta, simu ya upepo, bandarini au melini. Waulizeni walikuwa wakiviitaje vyombo hivi, nanyi mniletee. Nafasi katika daftari ni nyingi, na wanaozijua jibu zake wanapungua.