Ulikuwa Unamlilia Nani Pale Mamboleo?

  Ujumbe wa leo ni mrefu kidogo. Tafadhali usome hadi mwisho, kwa sababu ndani yake kuna fundisho, lakini pia kuna mahali ninapoomba msamaha, na sitaki uishie katikati.

Mnakumbuka ile Jumatano, tarehe 15 Oktoba 2025. Nilikuwa nyumbani nikitayarisha somo la ibada ya jioni. Simu ikaanza kulia, ujumbe juu ya ujumbe. Sikuamini. Mapema mwezi huo huo tulikuwa tumeletewa uvumi kwamba Raila Odinga ameaga dunia, na ukakanushwa. Nikasema moyoni, hawa watu wameanza tena.

Kisha nikasikia nje. Ninyi wa Migosi mnajua Kondele ikiamka inasikika vipi, honi, pikipiki, makanga wakiita abiria. Siku hiyo haikuwa hivyo. Mama mmoja wa ploti ya jirani alipiga nduru moja ndefu. Nyumba ya pili ikaitikia. Ya tatu pia. Hapo nikajua ni kweli. Mzee alikuwa amefariki huko Kerala, India, alikokwenda kwa matibabu, akiwa na miaka 80.

Nitawaambia jambo ambalo ni mke wangu tu aliyelijua. Niliingia bafuni, nikafungulia maji ili watoto wasinisikie, nikalia. Mimi ambaye sijawahi kuketi naye meza moja. Mimi ambaye kila mwaka wa uchaguzi nimekuwa nikiwaambia msiweke matumaini yenu kwa mwanadamu. Nilijionea haya, nikanawa uso, nikatoka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jumamosi tarehe 18 mwili uliletwa Kisumu, uwanja wa Jomo Kenyatta pale Mamboleo. Kutoka kwetu ni mwendo wa mguu, kwa hiyo nilitoka kabla ya alfajiri. Nilikuta watu waliolala huko huko. Vijana walikuwa na matawi mikononi, wakiimba na kuita "Jowi! Jowi!" kama wazee wetu walivyoita shujaa alipolala. Jua lilipopanda watu walianza kuzimia, na vijana wa Msalaba Mwekundu wakawa wanakimbia na machela. Nilisimama foleni saa nyingi ili nipite mbele ya jeneza kwa sekunde chache. Nilipopita, sikulia. Nilikuwa nimeshalia bafuni.

Kesho yake, Jumapili tarehe 19, ndiyo siku aliyozikwa Bondo, pale Kang'o ka Jaramogi, karibu na baba yake. Kanisa letu halikujaa hata nusu. Wengine walikuwa wamesafiri, wengine walikuwa mbele ya televisheni. Mimi nilikasirika. Nikapanda madhabahuni na nikahubiri kile ambacho wengi wenu mlikisikia. Nilisema kwamba kama tungemlilia Yesu hivyo, Kisumu ingekuwa na uamsho. Nilisema kulala uwanjani kwa ajili ya mwanadamu ni ibada ya sanamu. Nilisema mengine ambayo sitayarudia hapa.

Mlisema Amina. Lakini mhubiri anaijua Amina ya moyoni, na anaijua Amina ya heshima. Siku hiyo nilipewa ya heshima.

Sasa nisikilizeni.

Kuna mama mmoja, mshirika wetu wa miaka mingi. Amenipa ruhusa niandike habari yake bila jina. Alikuwepo Jumapili ile, amekaa mahali pake pa siku zote karibu na dirisha. Baada ya hapo hakuonekana Jumapili mbili. Nilidhani ni ugonjwa, nikaenda kumwona. Alinikaribisha, akaniwekea chai, akakaa. Nikamwuliza, "Mama, tumekukosa kanisani. Kuna shida?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Pasta, ulisema mimi naabudu sanamu."

Nikaanza kujieleza. Akainua mkono, akasema, "Ngoja nimalize, mwanangu." Akaniambia, "Mimi nililala Mamboleo. Nililia mpaka sauti ikapotea. Lakini sikuwa namlilia Raila peke yake. Nilikuwa namlilia kijana wangu."

Kijana wake wa kwanza alipigwa risasi hapa Kisumu Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Alikuwa ametoka kutafuta unga. Barabara zilikuwa zimefungwa, watu wanaogopa hata kuonekana wamekusanyika. Walimpeleka nyumbani kwa pikapu usiku, akazikwa asubuhi na mapema, watu hawakufika kumi. Hakuna aliyeimba wala kulala matangani. Hakukuwa na tero buru ya kufukuza kifo bomani. Alizikwa kimya kama mtu aliyefanya kosa.

"Niliporudi kanisani," akasema, "nilianza kulia wakati wa sifa. Pasta mmoja kijana akaja akanishika bega, akaniambia mtu aliyeokoka halii kama wasio na tumaini. Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka kumi na saba. Nilipoona watu wote wanalia, na hakuna anayeambiwa anyamaze, nikasema leo na mimi nitamlilia mtoto wangu."

Nikamwuliza yule pasta kijana alikuwa nani.

Akaniangalia. "Si wewe."

Alimaanisha ni mimi, wapendwa. Mimi sikumbuki. Nilikuwa nimeanza huduma mwaka huo, na watu waliolia mbele yangu walikuwa wengi. Mimi sikumbuki lakini yeye anakumbuka. Mara mbili katika maisha yake mama huyu amelia, na mara zote mbili ni mimi niliyemkataza, tena kwa jina la Bwana.

Chai ilipoa. Sikuwa na mstari wa Biblia wa kusema. Nilimwomba anisamehe, na akasema amesamehe. Kisha nikamwuliza jina la kijana wake, akanitajia, na akaniambia alivyopenda kucheza mpira na alivyokuwa akila samaki mpaka kichwa. Tukakaa hivyo hadi jioni. Hayo ndiyo maombezi tuliyofanya siku hiyo.

Tangu hapo nimekuwa nikiyasoma Maandiko upya, na nataka nikushirikishe mambo manne niliyojifunza.

La kwanza. Kumlilia kiongozi si dhambi. Soma 2 Mambo ya Nyakati sura ya 35. Mfalme Yosia alipokufa, Yuda yote na Yerusalemu waliomboleza, na nabii Yeremia mwenyewe akamtungia maombolezo, na waimbaji wakaendelea kuyaimba. Yeremia hakusimama pembeni akiwahesabia watu machozi. Aliingia ndani ya kilio chao akawapa maneno ya kulilia. Hiyo ndiyo kazi niliyopaswa kuifanya tarehe 19, nami nikafanya ya Elifazi na wenzake kwa Ayubu. Na Paulo anapowaandikia Wathesalonike hasemi wasilie. Anasema kilio chao kisiwe cha kukosa tumaini. Kuna tofauti kubwa hapo, na mimi niliipita mbio.

La pili. Mtu anayelia kilio kikubwa kwa mtu asiyemjua, mara nyingi kuna mtu anayemjua ndani ya kilio hicho. Mji wetu huu una makaburi mengi ambayo hayakuliliwa vizuri. Tom Mboya aliuawa Julai 1969. Oktoba ya mwaka huo huo watu walipigwa risasi hapa Kisumu siku ya kufunguliwa ile hospitali ambayo wazee bado wanaiita Russia. Dakta Robert Ouko aliuawa 1990. Ikaja 2008. Ikaja 2017, na mtoto Samantha Pendo wa miezi sita, kule Nyalenda. Kila nyumba ina jina lake. Wakati mtu aliyegombea urais mara tano, aliyebeba hasira na ndoto za watu hawa, anapoletwa amelala ndani ya sanduku, unadhani wanamlilia yeye pekee? Hata nje ya siasa ni hivyo. Angela Chibalonza alipofariki kwa ajali mwaka wa 2007, kuna watu walimlilia kwa sababu nyimbo zake ndizo zilizowashika wakiwa wodini au wakizika mzazi. Usimcheke mtu anayelia kwa ajili ya msanii. Mwulize, "Unamkumbuka nani?"

La tatu. Yesu alipokuwa akipelekwa msalabani, wanawake wa Yerusalemu walimlilia njiani. Ni Luka 23. Aliwageukia akawaambia wajililie wenyewe na watoto wao. Nimelihubiri neno hilo mara nyingi kama kemeo. Sasa nalisoma tofauti. Naona Bwana aliyechoka, akivuja damu, ambaye bado anawaona watoto wa watu. Tusiwe watu wa kulia jeneza kubwa na kuruka lile dogo. Tarehe 16 Oktoba, mwili ulipofikishwa Kasarani, risasi zilipigwa ndani ya umati na kuna vijana waliokufa hapo. Walikuwa wamekwenda kuomboleza tu. Tulilia wiki nzima, lakini ni wangapi kati yetu tulizilia zile familia? Mimi sikutaja hata moja madhabahuni. Nilikuwa na shughuli ya kukemea sanamu.

La nne. Soma Hesabu sura ya 20. Miriamu anakufa katika mstari mmoja. Alikufa, akazikwa Kadeshi, basi, na mstari unaofuata watu wanalalamikia maji. Sura hiyo hiyo, Haruni anapokufa, Israeli wote wanamlilia siku thelathini. Miriamu ndiye aliyemlinda Musa kando ya mto! Hata katika safari ya watu wa Mungu kulikuwa na misiba mikubwa na misiba ya mstari mmoja. Ndugu yangu, wewe uliyetuma pesa na picha na maua kwa ajili ya mtu mashuhuri, ulifanya vyema. Lakini Jumamosi ijayo kuna mazishi ya mzee wa ploti yenu ambaye hana viti vya kukalisha watu. Nenda. Beba viti. Kaa na mjane wake hata baada ya sufuria kurudishwa, kwa maana hapo ndipo nyumba inapokuwa kubwa kuliko mtu.

Na neno dogo kwa vijana wetu wa mitandaoni. Ukisikia mtu mashuhuri amekufa, usikimbilie kuwa wa kwanza kutangaza. Ana mke, ana watoto, ana ndugu, na pengine hawajajua. Usisambaze picha ya maiti. Na usiketi kwenye simu yako ukiamua nani ameingia mbinguni na nani ameenda jehanamu. Kiti hicho kina mwenyewe.

Pia nakukumbusha, maombolezo yana mwisho. Israeli walimlilia Musa siku thelathini, kisha siku za kilio zikaisha, wakavuka mto na Yoshua. Kuna wengine wenu mnaniambia, "Pasta, sasa tumebaki yatima, hatuna mtu." Nawaelewa. Lakini Baba wa yatima hajafa. Lia, kisha nawa uso, kwa sababu kuna watoto wanaotaka kupelekwa shule na kuna Yordani ya kuvuka.

Jumapili iliyopita yule mama alirudi kanisani. Wengi mlimwona bila kujua. Baada ya sifa nilitoka nyuma ya mimbari nikasimama chini, mahali mnaposimama ninyi mkija kuombewa, na nikaomba msamaha kwa mahubiri ya tarehe 19. Kisha nikasema yeyote aliye na mtu ambaye hakumlilia, ataje jina lake kwa sauti. Nilidhani yatakuwa majina matano. Tulikaa zaidi ya nusu saa. Mzee mmoja alitaja jina la kaka yake aliyekufa 1969. Yule mama alitaja jina la kijana wake mara mbili, na mara ya pili kanisa zima likalia pamoja naye. Hakuna aliyemshika bega kumnyamazisha.

Kwa hiyo nakuomba msamaha na wewe unayesoma hapa, kama uliniamini siku ile ukameza machozi yako kwa sababu yangu.

Andika hapo chini jina la mtu wako. Jina moja linatosha, huhitaji kueleza. Sitamwombea marehemu, mnajua msimamo wetu, yeye yuko mikononi mwa Mungu. Nitakuombea wewe uliyebaki. Nitayasoma majina yote katika maombi ya Ijumaa usiku.

Tuombe. Baba, wewe uliyesimama kaburini pa rafiki yako ukalia ingawa ulijua utamfufua, tusamehe sisi watumishi wako tulioharakisha watu. Wafariji wanaolia Bondo, na wanaolia katika nyumba ambazo hakuna kamera iliyofika. Tufundishe kulia na wanaolia bila kuwauliza kwanza wanamlilia nani, na tufundishe pia kukaa nao mpaka watuambie. Katika jina la Yesu. Amina.

Mchungaji wenu, Migosi.